Saa za Njiani: Nani Anabaki na Mtoto?

Saa kumi na moja alfajiri, Mbezi Luis imeshachangamka. Makondakta wanaita Posta na Kariakoo, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, na kule Kimara watu wameanza kujipanga kusubiri basi la mwendokasi. Wengi wao wameacha mtoto kitandani. Jioni foleni ikiwa mbaya, watamkuta kitandani tena.

Dar es Salaam imetanuka kwa kufuata barabara zake kuu. Viwanja ambavyo mshahara wa kawaida unavimudu viko Kibamba, Bunju, Chanika, Chamazi na ng'ambo ya Kigamboni, ilhali kazi nyingi zimebaki Posta, Kariakoo, Masaki na kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 uliwapunguzia adha watu wa Kimara, na njia nyingine zimeendelea kujengwa, lakini jiji linakimbia kuliko mabasi yake. Aliyejenga mbali amepata nyumba yake mwenyewe, na bei yake anailipa kwa shilingi na kwa saa.

Saa hizo zinahesabika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kazi kwa siku na saa 45 kwa wiki, bila kuhesabu saa za ziada. Ongeza saa moja ya chakula cha mchana. Ongeza saa mbili za kwenda na mbili za kurudi. Jumla ni saa 14. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mzazi anayekaa nje saa 14 hubakiwa na saa 10, na karibu zote ni za usiku. Anayemlisha mtoto, anayemfundisha maneno, anayemwona akijikwaa na kuinuka, ni mtu mwingine.

Wazazi wengi humtafuta mtu huyo kwa kufikiria saa za kazi tu. Wanasahau saa za njiani, na hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Saa nne asubuhi mambo huwa shwari: mtoto ameshakunywa uji, anacheza. Shida iko saa kumi na mbili asubuhi, kabla kituo cha kulelea watoto hakijafungua geti, na saa moja usiku, wakati mama bado yuko ndani ya daladala Tazara na mlezi ameshachoka.

Daftari kwanza

Kabla ya kuzungumza na dada wa kazi yeyote au kutembelea kituo chochote, wazazi wote wawili waandike kwa wiki mbili saa waliyofunga mlango asubuhi na saa waliyoufungua jioni. Saa halisi, si ile ya mawazoni. Mtu akiulizwa anarudi saa ngapi hutaja siku yake nzuri kuliko zote: "Saa kumi na mbili na nusu naingia." Daftari likifunguliwa, saa kumi na mbili na nusu imetokea mara moja, siku ya sikukuu.

Mpango upimwe kwa siku mbaya: Ijumaa ya mwisho wa mwezi, au siku ya masika ambapo maji yamejaa bonde la Jangwani na Barabara ya Morogoro imefungwa. Mpango unaofaa Jumanne ya Julai peke yake hautafika mbali.

Daftari hilo mara nyingi hufichua jambo la pili, kwamba saa za baba na za mama hazilingani, na kwamba hakuna aliyewahi kuzitumia hizo tofauti. Chukua mfano wa familia ya Bunju ambako mama anafungua duka Kariakoo na lazima aondoke saa kumi na moja, ilhali baba anaingia kazini Mwenge saa tatu. Kwa mazoea baba huyo hutoka mapema pia, kwa sababu gari la rafiki linapita. Akibaki hadi saa mbili kasoro, akamwamsha mtoto, akamwogesha na kumkabidhi kwa mlezi, siku ya mlezi inapungua kwa karibu saa tatu. Hakuna shilingi iliyotumika. Wako wanaume watakaosema kuogesha mtoto ni kazi ya mama. Hao na wabakie na hoja yao, lakini wajue kuwa ni wao watakaolipia saa hizo.

Mazungumzo na mwajiri nayo yaingie hapa. Sheria ileile ya ajira inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya kunyonyesha. Kwa anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta, kwenda nyumbani kunyonyesha na kurudi ni ndoto. Kinachowezekana ni kukubaliana kwamba saa hizo zikatwe pembeni: mama aingie saa moja baadaye na atoke saa moja mapema. Foleni ya saa tisa na nusu siyo ya saa kumi na moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aendelee kunyonya hadi miaka miwili na zaidi, kwa hiyo ombi hilo halimhusu mwenye kichanga peke yake. Makubaliano yaandikwe, hata kwa barua pepe ya mistari mitatu, maana mabosi hubadilika.

Dada wa kazi

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam jibu la kwanza ni dada anayekaa ndani, na kwa saa 14 hilo linaeleweka. Yuko pale alfajiri, yuko pale usiku, mvua haimzuii. Lakini urahisi huo ndio unaoficha hatari yake: dada asiye na saa ya kuanza wala ya kumaliza hufanya kazi tangu mama anapotafuta viatu vyake gizani hadi baba anapomaliza kula saa nne usiku. Mtu aliyechoka kiasi hicho hawezi kumlea mtoto wa miaka miwili, ambaye kazi yake kuu ni kupanda juu ya vitu.

Jambo la kwanza ni umri. Mabinti wa miaka 14 na 15 bado huletwa mjini kutoka vijijini kwa ahadi ya kazi nyepesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza mtoto kuajiriwa kazi za usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mzazi anayetoka saa kumi na moja na kurudi saa mbili na nusu, basi, hawezi kumweka binti wa miaka 16 kwenye zamu hiyo bila kuvunja sheria. Na sheria tukiiweka kando, mtoto mmoja hapaswi kubebeshwa uhai wa mwingine kwa saa 14. Atafutwe mtu mzima, ikiwezekana aliyewahi kulea, wake mwenyewe au wadogo zake.

Mshahara ujulikane kabla hajapanda basi. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayekaa kwa mwajiri na shilingi 120,000 kwa anayekwenda na kurudi. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo kiulizwe kiwango cha sasa kwenye ofisi ya kazi au kwa CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachowahusu pia wa majumbani. Hiki ni kima cha chini tu. Anayelea mtoto, kupika, kufua na kulinda nyumba anastahili zaidi. Dada anayelipwa vizuri, tarehe ileile kila mwezi, hakai akisubiri simu ya jirani mwenye ofa nono. Mfanyakazi wa nyumbani naye ana haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Yote hayo, pamoja na kazi zenyewe, yaandikwe kwenye karatasi moja na kila upande ubaki na nakala.

Utambulisho ni hatua ambayo watu wenye haraka huiruka. Dalali amemleta dada jioni, asubuhi yake mama yuko kazini, na nyumba nzima haijui hata jina lake la pili. Inatakiwa iwepo nakala ya kitambulisho cha NIDA au namba yake, barua ya serikali ya mtaa au kijiji anakotoka, namba za simu za ndugu wawili ambao mzazi amezungumza nao mwenyewe, na simu kwa mwajiri aliyepita. Dada naye apelekwe kwa mjumbe na kutambulishwa kwa majirani. Hili linamlinda yeye pia, kwani akipatwa na jambo atajua pa kukimbilia.

Kisha aelezwe kazi ipi inatangulia. Kinachoharibu malezi ya nyumbani mara nyingi ni orodha ndefu kuliko siku, na ukatili hauhusiki. Dada anayejua kuwa mama akirudi atakagua sakafu na nguo atampa mtoto simu yenye katuni ili afanye kile kitakachokaguliwa. Mwongozo wa mwaka 2019 wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto wa mwaka mmoja asikae kabisa mbele ya kioo cha simu au runinga, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Hilo halitekelezeki kwa amri. Linatekelezeka pale dada anapoambiwa waziwazi: mtoto kwanza, vyombo vitasubiri. Kufua kunaweza kuhamishiwa Jumamosi na kufanywa na wote, au apatikane mtu wa kufua mara moja kwa wiki.

Wiki ya kwanza mzazi mmoja abaki nyumbani. Ndiyo, likizo inakwenda, na ni vigumu kuomba siku tano kwa ajili ya dada. Lakini hakuna njia nyingine ya kuona anavyomshika mtoto anapokataa kula, au anavyojibu anapoitwa mara kumi. Katika siku hizo wanapita nyumba nzima pamoja wakitazama kwa kimo cha mtoto. Ndoo yenye maji isibaki sakafuni, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina cha shibri moja. Simtanki na pipa vifunikwe. Mafuta ya taa na dawa ya kusafishia choo visiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache wakati wa mvua. Karanga nzima na pipi ngumu zikae juu, kwani humkaba mtoto kooni. Na dawa ya mafua au kikohozi inayoleta usingizi isipewe mtoto ili alale. Neno hili lisemwe wazi, bila aibu, kwa kuwa linatokea.

Halafu kuna sikukuu. Dada anaomba kwenda kwao Krismasi au Idi, anapewa nauli, anaaga vizuri, na harudi. Kila familia ya mjini ina kisa chake. Mara nyingine ameolewa, mara nyingine amepata kazi ya mama ntilie, mara nyingine alikuwa amechoka na hakujua aanzeje kusema. Kumnyima likizo hakusaidii, na kuzuia mshahara wake kama rehani ni kosa. Kinachosaidia ni kukubaliana mapema kuwa anayetaka kuacha atoe taarifa ya mwezi mmoja bila kufokewa, na familia iwe na mtu wa kushika nafasi hata kwa wiki mbili.

Kituo: karibu na nyumbani au na kazini?

Vituo vya kulelea watoto mchana, ambavyo mtaani vinaitwa dei kea, vimeongezeka hadi kwenye mitaa ya pembezoni. Swali la kwanza ambalo wazazi hubishana ni kiwe wapi.

Cha karibu na kazini kinavutia. Mama anaweza kumchungulia mtoto mchana, na wakienda pamoja na kurudi pamoja, pengo la asubuhi na jioni linatoweka. Kwa mwenye gari lake na mtoto anayenyonya, hesabu hiyo inaweza kukubali. Kwa anayepanda daladala haikubali. Kumpandisha mtoto wa miaka miwili gari lililojaa saa kumi na mbili asubuhi, amesinzia begani, huku mkono mwingine una begi la pampasi, ni adhabu kwa wawili. Siku mama akiumwa, mtoto naye hana pa kwenda. Na mama akichelewa kutoka kazini, hakuna jirani wala shangazi anayeweza kufika Posta kumchukua.

Kwa walio wengi, kituo bora ni kile kilicho kati ya mlango wa nyumba na kituo cha daladala, mahali ambapo mtu wa tatu anaweza kutembea kwa miguu na kumleta mtoto nyumbani. Huyo wa tatu ndiye kiungo cha mpango mzima. Anaweza kuwa mama mwenye nyumba, dada wa kutwa wa saa tatu tu za jioni, au mzazi mwingine wa mtaa uleule anayewahi kurudi. Alipwe. Hisani isiyolipwa huisha mwezi wa pili, na huisha kwa kununiana.

Usajili uulizwe kwanza. Vituo hivi husajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto kupitia ustawi wa jamii, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au wa kata anaweza kueleza kama kituo fulani kina cheti. Cheti hakimbembelezi mtoto, lakini kinamaanisha kuwa kuna mtu wa serikali mwenye haki ya kuingia na kukagua.

Baada ya hapo ni macho. Mzazi aende mara mbili: mara moja kwa miadi, mara ya pili bila taarifa, na mara hiyo ya pili aende saa kumi na moja jioni. Asubuhi kila kituo kimepigwa deki na watoto wanaimba. Jioni ndipo inaonekana ni walezi wangapi wamebaki, watoto waliobaki wamekaa wapi, na kama geti linafunguliwa kwa kila anayesema "nimetumwa". Aulize mtoto wa mwaka mmoja na nusu analala wapi mchana na kama kuna chandarua. Aone choo na mahali pa kunawia. Aonje uji. Aulize mlezi mmoja anabaki na watoto wangapi wadogo, kisha ahesabu mwenyewe, maana jibu la mdomoni na vichwa vilivyopo huwa havifanani. Mtu mmoja hawezi kuwaokoa watoto kumi na wawili wa miaka miwili moto ukitokea. Jaribio hilo la kichwani lafaa kuliko picha za ukutani.

Kuhusu malipo ya kuchelewa, afadhali kituo kinachotoza faini kwa kila nusu saa kuliko kinachosema "hamna shida, mama". Cha kwanza kimepanga mlezi wa saa hizo. Cha pili pengine kinamwachia mlinzi.

Pale ambapo hakuna kituo, kuna mama wa mtaani anayekusanya watoto watatu au wanne chumbani kwake kwa malipo ya kila siku. Wanaomdharau wasisahau kuwa ndiye anayewezesha wauza mboga na wafanyakazi wa viwandani kutoka asubuhi. Nairobi, ambako kuna wengi wa namna hii katika mitaa kama Kibera na Mukuru, shirika la Kidogo limechagua kufanya kazi nao badala ya kuwakimbiza: linawapa mafunzo ya usalama, lishe na michezo, na namna ya kuendesha shughuli yao. Mzazi mmojammoja anaweza kufanya toleo dogo la jambo hilo. Akiungana na wazazi wenzake watatu wakanunua mkeka, poti, ndoo ya bomba ya kunawia na kufuli la geti, chumba kilekile hubadilika, na mama huyo hupata sauti ya kukataa mtoto wa saba.

Siku za kwanza

Mtoto atalia. Hofu ya kuachwa huwa kali hasa kati ya miezi 10 na 18, na humrudia kila mazingira yanapobadilika. Kosa la kawaida ni kutoroka wakati mtoto anatazama pembeni. Siku hiyo halii, lakini kuanzia kesho yake hamwachi mzazi hata aende chooni. Aagwe kwa maneno mafupi yaleyale kila siku, apewe mlezi mkononi, mzazi aondoke bila kurudi nyuma. Siku ya kwanza saa moja, ya pili saa mbili, ya tatu hadi baada ya chakula. Wiki moja ya namna hii kwa kawaida inatosha kuonyesha mambo yanaelekea wapi. Anayesubiri hadi Jumatatu anayoanza kazi ndipo ampeleke kwa mara ya kwanza, kwa saa 13 mfululizo, anajitafutia simu ya saa nne asubuhi.

Mkoba uwe na nguo mbili za kubadilisha, maji na kitu kimoja chenye harufu ya nyumbani, kama kanga ya mama. Nakala ya kadi ya kliniki iende kituoni au ibaki mahali dada anapajua. Nchini Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika wazazi wakisharudi kazini. Anayempeleka mtoto apangwe mapema.

Bibi

Bibi akija kutoka Moshi, Tanga au Bukoba, nyumba hupumua. Ana uzoefu na hahitaji barua ya mtaa. Lakini mtoto wa miaka miwili anakimbia, na bibi wa miaka 68 mwenye magoti mabovu hakimbii. Asiwekwe kuwa mlezi pekee. Awe mwangalizi, na mikono na miguu iwe ya dada wa kutwa. Familia nyingi huona aibu kuzungumza fedha na mzazi, kwa hiyo bibi hukaa miezi sita bila shilingi mfukoni, huku shamba lake limeota majani. Njia ya heshima ni kumuuliza nini kinasimama kule nyumbani akiwa hayupo, na kukilipia: kibarua wa shamba, mtu wa kulisha ng'ombe, michango ya kikundi chake. Muda wake nao utajwe tangu mwanzo. "Mama, tunaomba mpaka mwezi wa sita" ni sentensi inayomwachia mlango wa kurudi kwake.

Wapo wanaofanya kinyume, wakampeleka mtoto kijijini. Kwa miezi michache, ikiwa mzazi anapata mafunzo au amehamishwa ghafla, inaweza kuwa ndiyo njia pekee. Kwa miaka, mwandishi huyu haishauri: mtoto anayerudi akiwa na miaka minne anarudi kwa watu asiowazoea. Wala bweni si jibu, hata atakapokua kidogo. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku shule kulaza bwenini wanafunzi wa awali hadi darasa la nne.

Gharama ya kweli

Hesabu ya mwisho ifanywe juu ya karatasi moja: mshahara wa dada au ada ya kituo, malipo ya mtu wa jioni, chakula, pampasi, faini za kuchelewa, nauli za wazazi wote wawili, na bodaboda za siku mambo yanapoharibika. Hizo za mwisho huwa hazihesabiwi na ndizo zinazotafuna. Jumla hiyo ilinganishwe na kodi ya vyumba viwili Tabata, Sinza au Ubungo, huku nyumba ya Kibamba ikipangishwa. Kwa baadhi ya familia jibu litakuwa kubaki. Kwa nyingine itaonekana kuwa kupanga mjini kwa miaka mitatu, hadi mtoto atakapoanza elimu ya awali, kunagharimu sawa au pungufu, na kunarudisha saa mbili au tatu kila siku. Majirani watauliza kwa nini mtu mwenye nyumba amerudi kupanga. Waulize tu.

Kuna dalili ambazo haziruhusu kusubiri mwisho wa mwezi: mtoto aliyekuwa mchangamfu anaanza kujikunja akimwona mlezi, ana michubuko isiyo na maelezo, anasinzia mchana kutwa, au uzito kwenye kadi unashuka. Asirudishwe kwa mlezi huyo hata siku moja, apelekwe kituo cha afya achunguzwe, na msaada uombwe kwa afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu ya mtoto namba 116, ambayo ni bure.

Mambo yakienda vizuri, mpango bado una muda wake. Uliomfaa mtoto wa miezi 15 anayelala mara mbili kwa siku haumfai wa miezi 30 anayetaka wenzake wa kucheza nao. Wengi huanza na dada, kisha mtoto akifika miaka miwili na nusu wanampeleka kituoni nusu siku, dada akabaki na asubuhi na jioni. Mpito huo upangwe Januari au Februari, barabara zikiwa kavu, ili masika ikifika Machi kila mtu awe ameshajua nani anashika funguo saa kumi na moja jioni.